Mama anasahau sana, nimemuwekea notsi kwenye simu ila kuna mahali nakosea, naombeni uzoefu wenu

BintiWaNgamiani

Habari zenu jamani. Naandika usiku huu nyumbani kila mtu kashalala, mie usingizi hauji.

Mama yangu ana miaka 71, yuko Tanga na mie niko Dar. Alikuwa fundi cherehani zaidi ya miaka 40. Kusahau kulianza kidogokidogo tukadhani ni uzee tu, anabandika maji mpaka yanakauka sufuria inaungua, anamuuliza mjukuu umekula, dakika tano hazijapita anamuuliza tena. Mwaka jana tukampeleka hospitali, daktari akamtajia maneno ayakumbuke, baada ya muda akamuuliza, mama akalikumbuka moja. Tukaambiwa ni demensia. Na presha anayo na sukari anayo kwa hiyo dawa ni nyingi.

Anakaa na kaka yangu na wifi, wote wanatoka asubuhi kwenda kwenye shughuli zao, mchana anabaki na binti wa kazi. Mie kwa kuwa niko mbali nikasema mchango wangu uwe huu wa simu. Nikamnunulia simu ya tachi nikaweka Google Keep, ile apu ya kuandikia notsi, nikaunganisha mie, kaka, wifi na mama mwenyewe, wote tunaona notsi zile zile. Kuna notsi ya dawa yenye viboksi vya kutiki, kuna ya leo siku gani na nani anakuja, na kuna moja nimeiita MAJIBU, nimeweka yale maswali anayouliza kila siku ili akiuliza aambiwe mama angalia kwenye simu.

Wiki mbili za kwanza nilifurahi sana. Afu yakatokea mambo matatu.

La kwanza saa. Nilimwambia wifi amuwekee kikumbusho cha dawa ya saa mbili usiku, naye akaandika 2:00 vile vile tunavyosema, simu ikalia saa nane usiku wa manane. Mama akaamka akawasha taa akaanza kuvaa, anasema kuna watu wamefuata nguo zao na yeye bado hajapiga pasi. Hakulala tena mpaka alfajiri.

La pili dawa. Siku moja niko kazini nafungua Keep nakuta dawa ya sukari imetikiwa, nikamshukuru Mungu, kumbe mama aliona kiboksi kitupu akatiki tu, dawa hakunywa. Siku nyingine ikawa kinyume chake, alikunywa hakutiki, binti akaangalia akaona hakuna tiki akampa tena. Jioni jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki. Jirani mmoja Mungu ambariki akamnywesha chai yenye sukari nyingi wakamkimbiza hospitali. Alipona lakini toka siku ile namba ya wifi ikiita tu moyo unanilipuka.

La tatu ndo linaniumiza mpaka leo. Baba alifariki 2019. Mama kila ikifika jioni anauliza baba yenu mbona hajarudi. Tulishachoka kujibu wote, nikaandika kwenye MAJIBU: Baba alifariki mwaka 2019, usimsubiri. Nilidhani akisoma mwenyewe atatulia. Juzi nilikuwa Tanga, tumekaa barazani, akachukua simu akafungua akaanza kusoma kwa sauti polepole kama anavyosoma siku zote, alipofika hapo akanyamaza. Akaniangalia akasema, "Mbona hamkuniambia?" Akalia kama siku ile ya msiba, akavuta khanga akajifunika uso. Nilipomuuliza wifi akasema si mara ya kwanza, karibu kila akiisoma ndo inakuwa hivyo, alikuwa anaogopa kuniambia kwa sababu aliona nimehangaika na ile simu. Yaani mama yangu nimekuwa nampa msiba mpya kila siku na sikujua.

Kuna mtu ametumia notsi za simu kwa mgonjwa wa kusahau zikasaidia kweli? Niandike nini, nisiandike nini? Au niache kabisa?

fundi_simu_tandika

Pole sana dada, usiache, ila hiyo setingi yako ibadilishe.

Saa kwanza. Hili linawakuta wengi, simu haijui saa zetu. Iweke kwenye mfumo wa saa 24, afu mwambie kila anayeweka alamu kwenye hiyo nyumba, saa za mchana unaongeza 6, saa za usiku mpaka saa tano unaongeza 18. Saa mbili asubuhi ni 8:00, saa mbili usiku ni 20:00. Na kwenye jina la alamu usiache namba tupu, andika kwa maneno SAA MBILI USIKU, DAWA, maana mama akiona 20:00 haimwambii kitu.

Pili, kikumbusho cha Keep usikitegemee kwa dawa. Kinalia ting mara moja kinapita, mtu akiwa uani hasikii. Tumia alamu ya kawaida ya saa kwenye simu, mtu asipoizima inaendelea kulia dakika kadhaa, haitaki bando, mtandao ukikatika inalia vile vile. Simu nyingi za Android zinakuruhusu kuweka sauti yako kuwa mlio, unajirekodi unasema mama ni saa mbili usiku, mwambie wifi akupe dawa, unaichagua kwenye sauti za alamu. Nishawawekea wateja kadhaa.

Tatu, tenganisha. Mama asione notsi zote. Ya kwake iwe MOJA, weka wijeti ya hiyo notsi, yaani kile kiboksi kinachoionyesha bila kufungua apu, kwenye skrini ya mbele ili asitafute chochote, maandishi makubwa, apu nyingine zote ziondoe pale mbele. Za familia ziwe zenu, yeye usimshirikishe huko. Ile orodha ya kutiki ina sehemu ya kuondoa tiki zote kwa mpigo, fanyeni kila alfajiri, isije ikabaki na tiki za jana ndo mkaanza kubishana.

NesiMstaafu_Moshi

Mwanangu pole. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na mama yangu mzazi nimemuuguza ugonjwa huu huu, kwa hiyo naandika kwa yote mawili.

Naanza na dawa kwa sababu hiyo ndiyo inaua. Mtu ambaye hakumbuki kama amekula hawezi kusimamia vidonge vya sukari, hata umuwekee simu kumi. Tiki inaonyesha kwamba mtu amegusa skrini, basi. Kuna vidonge kama glibenclamide, soma kwenye pakiti, vikizidi vinashusha sukari ghafla na ndiyo yale majasho na kutetemeka uliyoyaeleza. Dawa zitoke mikononi mwa mama kuanzia kesho. Zifungiwe kabatini, funguo awe nayo mtu mmoja, anayempa asimame mpaka ameze, NDIPO aandike, na aandike jina lake na saa. Nunueni kile kikasha cha siku saba, ukitazama chumba cha Jumatano kiko tupu huhitaji kumuuliza mtu. Simu itumike kumkumbusha anayempa dawa. Mama yeye mwacheni.

La baba yako. Ifute ile notsi usiku huu huu kabla hujalala. Kwenye ugonjwa huu kumbukumbu za karibuni ndizo zinazotangulia kupotea, msiba wa 2019 umefutika lakini miaka yote aliyoishi na baba yako ipo. Kwa hiyo akisoma, kwake ni habari mpya, na majonzi yanabaki mwilini hata maneno akishayasahau, ndiyo maana unamkuta usiku hana raha na hajui kwa nini. Simwambii mtu adanganye mama yake. Akikuuliza moja kwa moja baba yenu amekufa? mshike mkono umwambie ndiyo. Lakini akiuliza mbona hajarudi, mara nyingi anachotaka ni kumzungumzia. Muulize baba alikuwa akirudi jioni anapenda nini. Utashangaa atakavyokusimulia.

Jambo lingine, mlipimiwa damu? Maana si kila kusahau hakuna tiba. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo inaleta kusahau, huzuni ya muda mrefu inaleta, maambukizi ya mkojo kwa mzee yanamvuruga ghafla siku mbili tatu. Na kwa mama yako mwenye sukari, kama amekunywa metformin miaka mingi, mwombe daktari aangalie vitamini B12, dawa hiyo inaweza kuishusha na B12 ikipungua nayo inaleta kusahau. Haina maana atapona demensia, ila kama kuna kinachomwongezea kiondoke.

Na msione aibu wala msisikilize maneno ya kurogwa. Huku kwetu wilaya ya Hai walipita kijiji kwa kijiji 2009 na 2010 kuwapima wazee wa miaka 70 kwenda juu, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana demensia. Wazee wengi hawakuwahi kushika kalamu, ndiyo maana kwenye kipimo kilichotengenezwa huko wakaweka njiti za kiberiti, mzee anaonyeshwa zilivyopangwa na yeye azipange vile vile. Nimewaona wazee waliokuwa na akili zao nzuri kabisa zamani wakizihangaikia zile njiti, mikono ilishasahau mpangilio.

Swali langu kwako: mama alipokuwa mzima, mambo yake alikuwa anayaandika wapi?

dodoma_kijana

Habari dada. Mi niko upande wa pili, mi ndo ninayesahau. Nilipata ajali ya pikipiki 2021 nikaumia kichwa, ya zamani nakumbuka vizuri ila ya leo asubuhi yananipotea. Wa kwangu si ugonjwa wa mama yako, mi bado najifunza vitu vipya taratibu kwa hiyo simu inanibeba kweli, najitumia voisi WhatsApp kwenye ile chati ya mtu na yeye mwenyewe, nikiweka funguo sehemu napiga picha, nikimaliza kuongea na mtu narekodi tulichokubaliana kabla sijatoka pale, nikisema nitarekodi nikifika nyumbani imekula kwangu.

Kipindi nimelazwa nilisoma sana haya mambo. Marekani kulikuwa na injinia mwanae aliumia kichwa kama mimi, akatengeneza mfumo wa peja, kile kidude cha zamani cha kupokea ujumbe mfupi, unaomtumia ujumbe kwa saa zake, fanya hiki sasa hivi. Waingereza wakaujaribu kwa watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu, wakatoa matokeo 2001, zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza walifanya mambo yao vizuri kuliko kabla ya peja. Nilichokipenda pale ni kwamba mtu hakutakiwa kukumbuka kwenda kuangalia popote. Ujumbe ndo unamfuata. Notsi iliyokaa ndani ya apu inamtaka mgonjwa akumbuke kwamba ina kitu ndani, na hapo ndo penyewe panapomshinda.

Afu naomba nikwambie kitu kwa heshima, hii ya kumwambia angalia kwenye simu. Mke wangu alikuwa ananiambia hivyo hivyo mwanzoni. Ukiulizia kitu halafu ukaambiwa nenda kaangalie kwenye simu unajisikia umefukuzwa. Hujui kama umeshauliza mara kumi, kwako ndo mara ya kwanza, unaona tu watu wa nyumbani kwako hawataki kuongea na wewe. Sa hivi anakuja anakaa tunaangalia wote. Inachukua dakika moja.

Kingine, kila notsi iwe na tarehe juu kabisa. Nimeshatoka nyumbani nimevaa vizuri naenda kliniki kumbe ile notsi ya kliniki ni ya wiki iliyopita.

mkaazi_wa_kisauni

Pole dadangu, huku Mombasa sisi tuna mzee mwenye shida hiyo hiyo. Mimi niongeze mawili tu.

Moja, musiandike namba ya siri ya M-Pesa kwenye notsi, hata mukiambiwa ni ya kumsaidia mzee. Sisi tuliandika, simu ikapita mikononi mwa watu wawili watatu, pesa za mzee zikaenda na mpaka leo hatujui ni nani. Line ya pesa sasa anakaa nayo ndugu yangu mkubwa na mzee mwenyewe alikubali, tulimkalisha tukamuuliza siku ambayo akili yake ilikuwa imetulia. Hata hizo notsi muulizeni, nyinyi munasoma maisha yake yote humo.

Pili, siku mzee alipotoka akapotea, simu yenye namba zetu zote kwenye skrini ilikuwa kitandani nyumbani. Alifika hadi Kongowea. Alorudishwa nayo ni karatasi, mamangu alikuwa amemshonea kikaratasi cha plastiki ndani ya mfuko wa kanzu chenye namba ya simu ya nyumbani, muuza samaki akaisoma akatupigia. Kwa hivyo namba muweke kwa skrini, lakini pia muweke kwa nguo. Mamako ni fundi, huenda akakushonea mwenyewe.

BintiWaNgamiani

Shikamoo mama nesi. MAJIBU nimeifuta, nimeifuta nikiwa nalia lakini nimeifuta. Wengine wote asanteni sana, nimewasoma zaidi ya mara moja.

@dodoma_kijana asante kaka, hilo la kufukuzwa limenikaa. Nimempigia binti wa kazi nikamwambia lile neno la angalia kwenye simu asiliseme tena, na mie ndo niliyemfundisha.

Mama nesi kuhusu swali lako, alikuwa na daftari la vipimo. Kauntabuku nene, kila mteja ana jina lake juu, chini kifua, kiuno, urefu wa mkono, tarehe ya kuchukua nguo na pesa iliyobaki. Lilikuwa halitoki pale pembeni ya cherehani, hata sisi tulikuwa haturuhusiwi kuligusa.

NesiMstaafu_Moshi

Marahaba mwanangu. Basi jibu unalo nyumbani. Simu mmempa uzeeni ni kitu kipya, kila siku anaanza upya kuijua. Daftari mkono wake unalijua. Nunua kauntabuku kama lile lile, rangi ile ile ukiipata, liweke pale pale pembeni ya cherehani. Simu ibaki ya kwenu.

BintiWaNgamiani

Wiki tatu zimepita, nilisema nitarudi.

Kauntabuku nilipeleka mwenyewe. Sikumwelekeza kitu, niliweka tu pembeni ya cherehani na kalamu juu yake. Akalivuta, akalifungua ukurasa wa kwanza, akapitisha kiganja kulilaza kama alivyokuwa anafanya zamani afu akaniuliza leo tarehe ngapi. Nikamtajia, akaandika juu kulia akapiga mstari kwa rula. Sa hivi kila asubuhi wifi kabla hajatoka anakaa naye, wanaandika nani anakuja na chakula gani, mistari mitatu minne tu haizidi. Mchana akiuliza, binti anakaa naye wanafungua daftari pamoja. Jioni wifi anaupiga picha ukurasa anauweka Keep, kwa hiyo mie na kaka tunaona siku ilivyokwenda, na safari hii ni notsi yetu tu.

Dawa ziko kabatini. Kikasha tumenunua. Alamu inalia kwenye simu ya binti na ya wifi, wanaandika jina na saa, 20:00 tumeshaizoea. Ile ya kuweka sauti yangu nilijaribu fundi, ila mama alisikia akaitika "Naam, naja," akaenda mlangoni kunifungulia, akarudi ananitafuta chumba kwa chumba, tukaiondoa siku hiyo hiyo. Kwa mwingine labda itafaa, mjaribu mkiwa karibu.

Baba bado anamuulizia. Jumamosi niliongea naye kwa simu jioni akaniuliza baba yenu mbona kachelewa, nikamuuliza mama, baba akirudi alikuwa anapenda umpikie nini? Akaniambia changu wa kukaanga na muhogo, na kwamba alikuwa hali mpaka aoge kwanza, akaendelea mpaka bando likakata. Nilipopiga tena alikuwa kashahamia kwenye mambo mengine.

Juzi kwenye picha ya jioni nikaona chini ya orodha kaandika kwa mkono wake: kifua 36, kiuno 30, mkono 22, Ijumaa. Jina hakuna. Wifi alimuuliza ni vya nani akasema mwenyewe atakuja. Nimeisevu peke yake ile picha.

Damu walichukua ya tezi na B12, majibu tunafuata Jumatatu.